Picha ya Fomu ni Shilingi Ngapi?

Nina rafiki mmoja, mtaalamu wa programu za kompyuta, ambaye nilisoma naye chuo kikuu. Yeye alikuwa upande wa wenye akili, mimi upande wa wenye maneno. Tangu tume ya uchaguzi iseme kwamba itahitaji zaidi ya shilingi bilioni 60 kwa ajili ya uchaguzi wa 2027, amekuwa akinitumia hesabu zake kila wiki. Hoja yake ni fupi. Kura zinahesabiwa kituoni, matokeo yanaandikwa kwenye karatasi, karatasi inapigwa picha, picha inawekwa mtandaoni. Simu ya shilingi elfu kumi inapiga picha. Picha elfu hamsini hazijazi hata nusu ya laptopu yake. Nipe vijana watano na wikendi moja, anasema, halafu hizo bilioni mjengee watu hospitali.

Nimemjibu kwa mdomo mara tatu na mara zote tumeishia kuagiza chai nyingine. Sasa acha nimjibu kwa maandishi, maana si yeye peke yake. Hata kwenye matatu nasikia hesabu hiyo hiyo. Na niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya: sipo hapa kutetea kila senti ya ile bajeti. Sijawahi kuona bajeti ya serikali iliyokonda. Lakini rafiki yangu amehesabu bei ya kupiga picha, na kwa hilo yuko sawa kabisa, ni karibu bure. Kinachokula pesa ni kumfanya mtu aliyeshindwa aitazame hiyo picha na kukubali kwamba ni yenyewe.

Hebu tuanze na karatasi. Fomu 34A hujazwa katika kila kituo cha kupigia kura baada ya kura za urais kuhesabiwa. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Msimamizi wa kituo anaandika kila mgombea kapata ngapi, mawakala wa vyama wanatia sahihi, wanapewa nakala zao, nakala nyingine inabandikwa mlangoni. Ile ya asili inapigwa picha kwa KIEMS, kile kifaa kilichosoma kidole chako asubuhi, na picha inatumwa Nairobi. Karatasi yenyewe inafuata nyuma kwa barabara. Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229. Fomu zilichapishwa Ugiriki pamoja na karatasi za kura, zikiwa na alama za usalama ili mtu asiweze kujichapishia zake mtaani. Zaidi ya vituo elfu moja havikuwa na mtandao wa simu wa kutegemewa, ikabidi vitafutiwe vifaa vya setilaiti. Mkataba wa teknolojia na kampuni ya Smartmatic peke yake ulizidi shilingi bilioni 3. Uchaguzi mzima ulitengewa takriban bilioni 44, yaani karibu shilingi elfu mbili kwa kila mpiga kura aliyeandikishwa.

Mbona makuu yote hayo? Fanya hesabu hii. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa kwa kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni kura 233,211. Zigawe kwa vituo 46,229, unapata kura tano na chembe kwa kila kituo. Tano! Mtu angehamisha kura tatu tu kwa kila fomu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, aliyeongoza angebadilika. Na kura tatu ni nini kwenye picha? Ni kugeuza moja kuwa nne. Kwa hiyo unapoambiwa kwamba picha ni karibu sahihi, kumbuka nchi nzima ilikuwa imening'inia kwenye hiyo "karibu".

Gharama ya kutokuaminiwa tunaijua, maana tumeshailipa. Tulipiga kura tarehe 8 Agosti 2017, na siku tatu baadaye Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi. Siku kadhaa baada ya hapo tume ilikuwa bado haina fomu 34A zote za kuonyesha. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, msajili akaagizwa kukagua fomu. Kati ya fomu 34B 291, zile za maeneobunge na ya Wakenya wa ng'ambo, 56 hazikuwa na ile alama ya karatasi inayoonekana ukiiinua kwenye mwanga, na 31 hazikuwa na nambari za mfululizo. Mahakama iliamuru pia seva za tume zifunguliwe zikaguliwe. Tume haikutii kikamilifu, na majaji wakasema ukimya huo unahesabiwa dhidi yake. Tarehe 1 Septemba 2017, majaji wanne dhidi ya wawili wakaufuta uchaguzi wa urais. Marudio yalifanyika tarehe 26 Oktoba, Raila akasusia, na Hazina ikawa imetafuta takriban shilingi bilioni 10 nyingine ambazo hazikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote.

Hizo bilioni 10 mimi huziita faini ya kuficha. Sisemi kwamba ndani ya seva kulikuwa na wizi. Hakuna anayeweza kusema, na hapo ndipo penye tatizo. Wewe ukiwa na stakabadhi mfukoni halafu askari akikuomba ukakataa kuitoa, utalala ndani na stakabadhi yako.

Mwaka 2022 mimi nilikuwa na miezi michache kazini, kitambulisho cha gazeti bado kinang'aa. Safari hii tume iliamua jambo ambalo sikutarajia: kila picha ya fomu 34A iliyofika iliwekwa kwenye tovuti, hapo hapo, kwa mtu yeyote mwenye bando. Jumla ya kura haikuwekwa. Mwaka 2017 nambari zilikuwa zikitiririka kwenye skrini kabla ya fomu kuonekana, na nambari hizo ndizo zilizozua vita. Sasa tulipewa picha tupu. Mnataka jumla? Jumlisheni wenyewe.

Basi tukajumlisha. Mhariri alitupanga watu kumi na wawili kwenye meza ndefu, wawili wawili, mmoja anasoma na mwingine anaandika kwenye jedwali. Fomu nzuri ilichukua dakika moja na nusu. Fomu mbaya ilichukua kumi. Niliona saba iliyofanana na moja, na moja iliyofanana na saba. Niliona kidole gumba cha mtu kimefunika nusu ya nambari. Niliona fomu iliyopigwa picha juu ya dawati ambalo mwanafunzi fulani amechonga jina lake, Brayo, na usiku ule nilimfikiria Brayo kuliko wagombea wote. Nyingine msimamizi amekosea kujumlisha, akakata kwa mstari mmoja, akaandika upya, akatia sahihi pembeni. Nyingine amekosea na hakukata. Unafanya nini na hiyo? Unaandika alichoandika au unaandika alichopaswa kuandika? Tuliuliza, wakubwa wakajadiliana, jibu likaja saa nane usiku: andikeni kilichoandikwa, wekeni alama nyekundu.

Siku ya pili nilichukua kikokotoo. Fomu 46,229 kwa dakika moja na nusu ni zaidi ya saa 1,150. Mtu mmoja angefanya kazi siku 48, usiku na mchana, bila kulala wala kwenda msalani. Sisi jozi sita tungechukua siku nane. Na hizo ni fomu za urais tu, na ni kama hakuna hata moja mbaya. Wenzetu wa televisheni walikuwa na watu wengi zaidi, lakini nao walianzia pande tofauti za nchi, kwa hiyo kituo hiki kilimwonyesha huyu akiongoza na kile kikamwonyesha yule, ingawa wote walisoma tovuti moja. Ndani ya siku chache jedwali za vyombo vya habari zikapunguza mwendo, zikasimama. Mitaani watu wakasema tumefungwa mdomo. Mimi nilikuwepo kwenye meza yetu: tulikuwa tumechoka, macho mekundu, na kompyuta mbili zimekataa kuwaka.

Nawaambia haya kwa sababu kuna dhana kwamba serikali ikishaweka kitu wazi basi kazi imekwisha, wananchi watathibitisha bure. Bure hakuna. Tovuti ile ilihamisha sehemu ya gharama kutoka kwa tume ikaileta kwetu. Gazeti letu lililipa chakula, teksi za usiku, muda wa ziada (uliocheleweshwa, lakini hiyo ni hadithi nyingine). Hata hivyo ningechagua gharama hiyo kuliko ile ya 2017 siku yoyote.

Maana tazama kilichotokea mahakamani. Mshindi alitangazwa tarehe 15 Agosti, huku makamishna wanne kati ya saba wakiwa hotelini wakiyakana matokeo. Kwa vyovyote ile ilikuwa hali mbaya kuliko ya 2017. Kesi ikafunguliwa. Katiba inawapa majaji siku 14 tu. Madai mazito yakatolewa kwamba picha zilinaswa njiani, fomu zikabadilishwa, zikapakiwa nyingine. Lakini sasa kulikuwa na kitu cha kulinganisha: picha ya kwenye tovuti, karatasi ya asili iliyoletwa Bomas, na nakala za mawakala. Msajili akalinganisha. Majaji wote saba, tarehe 5 Septemba, wakasema hawakuona tofauti za maana kati ya picha na karatasi za asili. Baadhi ya fomu zilizowekwa kwenye viapo kama ushahidi wa wizi ndizo zilizokutwa zikitofautiana na za asili. Wapo wanaoipinga hukumu ile mpaka leo na ni haki yao. Ila hatukurudia uchaguzi, na Hazina haikutafuta bilioni 10 nyingine.

Kabla sijasonga mbele, kuna gharama ambayo haimo kwenye bajeti yoyote na rafiki yangu hakuiweka kwenye hesabu zake. Chris Msando, meneja wa teknolojia wa tume, aliuawa siku chache kabla ya uchaguzi wa 2017. Mwaka 2022 afisa msimamizi wa eneobunge la Embakasi Mashariki alitoweka kazi ikiendelea, akapatikana amekufa. Watu wanaoshika funguo na karatasi za uchaguzi wetu wana familia. Unapotaja vijana watano na wikendi moja, nikumbushe kwanza nani atawalinda hao watano.

Haya, turudi kwa rafiki yangu, kwa kuwa ana hoja ya pili na hii ni nzito zaidi. Anasema karatasi zote hizi ni za kizamani. Siku hizi faili linaweza kutiwa sahihi ya kidijitali pale pale linapozaliwa. Kifaa kinapiga picha, kinachukua data yote ya ile picha na kuikamua mpaka inakuwa mstari mfupi wa herufi na nambari, kisha kinaufunga mstari huo kwa ufunguo wa siri. Ukibadilisha hata nukta moja ya picha, mstari haulingani tena na kila mtu anajua imechezewa. Mwaka 2021 Adobe, Microsoft, BBC, Intel, Arm na Truepic waliunda muungano unaoitwa C2PA kuweka utaratibu wa namna hiyo, ili picha au video itembee na historia yake: imepigwa na nini, lini, imehaririwa wapi. Wazo zuri. Marekani, Rais Biden aliagiza Oktoba 2023 kwamba serikali yake itafute njia za kuthibitisha maudhui yake na kufuatilia asili ya maudhui ya kidijitali. Januari 2025 Trump akaifuta amri ile siku ya kwanza ofisini. Kwa hiyo hata huko kwenye pesa bado wanavutana.

Mimi sipingi sahihi hizo. Zitiwe. Lakini zina mambo mawili. Kwanza, picha ukiituma kwa WhatsApp, inabanwa na ile historia yake inanyofolewa. Na picha za fomu zetu zinaishi wapi kama si WhatsApp? Pili, sahihi inakuhakikishia kwamba picha haijabadilika tangu ipigwe. Haikuambii kama msimamizi aliyechoka saa sita za usiku aliandika 241 mahali pa 214. Kifaa kitaitia sahihi 241 kwa uaminifu mkubwa. Kinachogundua kosa hilo ni wakala aliyekuwa macho wakati wa kuhesabu na ana nakala yake mkononi. Hata Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 106B, haiamini mashine peke yake. Rekodi ya kielektroniki inapoletwa mahakamani lazima iambatane na cheti, na cheti kinatiwa sahihi na mtu aliyewajibika na mtambo. Mtu, mwenye jina, anayeweza kuulizwa maswali.

Sasa nije kwa mjomba wangu, maana yeye ndiye aliyenifanya nifikirie haya kwa undani. Mjomba ni mwalimu mstaafu, kijijini kwetu anaheshimiwa, na hakuyakubali matokeo ya 2022. Baada ya uchaguzi alinitumia picha ya fomu ya kituo cha shule ya msingi anayoijua vizuri, kwa sababu aliifundisha miaka kumi na minane. Nambari za mle ndani zilikuwa za ajabu. "Wewe si ndiye mwandishi wa habari? Mbona hili hamliandiki?" Nikaingia kwenye tovuti ya tume, nikaitafuta fomu ya kituo hicho, nikaikuta, nikamtumia. Nambari zilikuwa tofauti kabisa, na mwandiko haukufanana. Nikadhani nimemaliza. Akanijibu: "Mwanangu, hiyo ya tovuti ndiyo ya kughushi."

Utamjibu nini? Nina picha ya serikali, yeye ana picha ya kundi la WhatsApp, na kwake serikali ndiyo mshukiwa. Ningemletea sahihi ya kidijitali angeniambia ufunguo wanao wao. Na hapo hata akili unde haikuwa imefika ilipofika leo, ambapo kijana yeyote anaweza kutengeneza fomu yenye mikunjo, muhuri na wino uliovuja kabla ugali haujaiva. Kutengeneza fomu ya uongo kunachukua dakika chache. Mimi kumchunguzia mjomba fomu moja kulinichukua zaidi ya nusu saa, na sikumshawishi.

Aliyemlegeza ni mtu mwingine kabisa. Mwalimu mwenzake wa zamani, ambaye anaishi ng'ambo ya barabara kutoka shuleni, alikuwa ameipiga picha fomu ya mlangoni usiku ule ule kwa simu yake. Picha ina kivuli na nusu ya notisi ya karo, lakini nambari zinasomeka, na ni zile zile za kwenye tovuti. Mwalimu yule alikuwa upande wa mjomba kisiasa. Mjomba hakusema nimekosea, wazee wa kwetu hawana sentensi hiyo. Alisema, "Basi labda cha hapa kilikuwa sawa." Kituo kimoja kati ya 46,229.

Ndiyo maana nikisoma mijadala ya bajeti naona macho yanakimbilia vifaa. Tume imesema vifaa vya KIEMS vya 2017 vimepitwa na wakati na lazima vibadilishwe, na ni maelfu kwa maelfu, kwa hiyo tutazozania zabuni, nani kapewa, nani rafiki wa nani. Sawa, tuzozane, ni pesa zetu. Lakini ile karatasi ya mlangoni, ambayo haihitaji betri, nani ameiuliza? Katika kituo cha mjomba ilibandikwa kwa vipande viwili vya selotepu. Mwalimu anasema asubuhi haikuwepo. Upepo, watoto, au mtu mwenye sababu zake, hajui. Mimi ningependa kuona kwenye bajeti mstari unaosema fomu ya mlangoni iwe kubwa ya kusomeka kwa picha, ibandikwe kwa gundi ya maana, pawe na taa, na wakala wa kila chama alindwe mpaka aondoke na nakala yake. Ningependa pia mstari wa kuhifadhi picha zote kwa miaka, mahali ambapo mwananchi anaweza kuzifikia bila kumfahamu mtu. Hiyo mistari ikijumlishwa haitafikia bei ya ule mkataba mmoja wa teknolojia, na huenda ndiyo sababu hakuna anayeipigia debe.

Nimeanza kukusanya picha za fomu za mlangoni za 2022 zilizopigwa na watu wa kawaida. Mpaka sasa nina 63, kutoka kaunti tisa. Nazilinganisha na fomu za tume nilizokuwa nimepakua wakati ule, moja moja, jioni nikitoka kazini. Kama ulipiga yako na bado imo kwenye simu, hata kama ina kivuli, nitumie, na uniambie jina la kituo na ulipiga saa ngapi.